Aliyeitika Darasa la Sita

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za stoo ya shule, na wiki hiyo hiyo walimu wawili vijana wakanijia nyumbani. Wamepewa kazi ya kusimamia gazeti la wanafunzi, kazi niliyoifanya mimi zaidi ya nusu ya miaka yangu ya ualimu, wakataka niwaandikie namna ya kuifanya. Vyeo na mishahara yangu vimo kwenye faili la idara, atakaye akasome huko. Sijasikia mtu aliyelia wala kucheka kwa kusoma faili lile. Mimi nitaandika yale ambayo hayamo.

Nilifika Dar es Salaam enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili kwisha, nikitoka Ugogo na sanduku la mbao na Biblia ya baba. Shule niliyopangiwa ilikuwa nje ya mji, upande wa Temeke. Siku hizo nyumba zilitawanyika kati ya mikorosho na mihogo, na njia ya mchanga ilipita langoni kwetu ikaendelea hadi Chamazi. Ilikuwa shule ya bweni ya wavulana. Mkuu wa shule alikuwa Mwingereza mrefu aliyepata kuwa askari. Siku ya kwanza alinipa vitu vitatu: daftari la mahudhurio la Darasa la Sita, ufunguo wa chumba cha mashine, na nusu karatasi yenye orodha ya mambo yasiyoruhusiwa katika gazeti la shule. Yalikuwa siasa, chakula, dini ya mtu, ubaya wa mwalimu, na ushirikina.

"Umeelewa?" aliniuliza.

"Nimeelewa, Bwana."

"Vizuri. Gazeti ni la wanafunzi. Wewe kazi yako ni kuangalia tu."

Ilinichukua miaka kujua kwamba hilo "tu" ndilo lilikuwa kazi yenyewe.

Gazeti liliitwa Kurasa Zetu, karatasi nne zilizobanwa kwa pini, likitoka mara mbili kila muhula. Aliyenifundisha kulitengeneza ni Maalim Shabani, mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa pwani hii, mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinionyesha stensili, ile karatasi laini yenye nta. Unaitia kwenye taipureta, kila herufi inatoboa nta. Kisha unaivisha kwenye pipa la mashine, unazungusha mpini, na wino unapita kwenye matundu ya herufi kuingia kwenye karatasi. Neno likikosewa, unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya kupasua kichwa, unasubiri ikauke, matundu yanaziba, neno halipo tena.

"Usipake nyingi," Maalim alisema. "Na ukitaka kufuta la mtoto, mwite kwanza umwambie kwa nini. Usimwache alikute limefutwa. Mtoto wa namna hiyo hujiona kama aliyekufa, anasema na watu hawamsikii."

Nilidhani ni maneno ya mzee tu.

Kesi zangu za kwanza zilikuwa nyepesi. Kijana mmoja aliandika kwamba maharage ya Jumatano yana wadudu. Chakula kilikatazwa, kwa hiyo Maalim akamwita, wakakaa pamoja, na makala ikatoka kwenye safu ya sayansi kwa jina "Maisha ya Mdudu wa Nafaka," yenye mchoro. Mkuu aliisifu sana. Maharage hayakubadilika, lakini kila aliyesoma alijua, na yule kijana akajiona amesema. Nikafikiri kazi hii ni werevu, na werevu nilikuwa nao.

Mwaka wangu wa tatu, katika darasa langu mwenyewe, alikuwamo mtoto aitwaye Kondo Salum. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake aliishi Mbweni, kaskazini kabisa mwa mji, akiuza samaki wa kukaanga. Kondo alikuwa mdogo kwa umri wake, alikaa safu ya tatu karibu na dirisha, na nilipoita jina lake asubuhi aliitika "Nipo" kwa kuivuta ile "o" mpaka wenzake wakatabasamu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kazi za shamba la shule. Jumamosi moja Kondo alikwenda shambani na wenzake, na jioni hakuonekana bwenini. Msimamizi wa shamba, mtu mzima mwenye kofia ya ukindu, aliripoti kwamba kijana alilalamikia kazi, akaondoka kwa hasira. Jumatatu mkuu aliniita akaniambia niandike "mtoro." Jina lenyewe nisilipige mstari mpaka muhula uishe, ndivyo ilivyokuwa sheria.

Jumatano niliita majina kwa mazoea, macho yangu kwenye daftari. Nikaita, "Kondo Salum."

"Nipo."

Nikatia alama ya vema, nikaita jina la pili na la tatu, na hapo ndipo mkono wangu ukasita. Niliinua kichwa. Nafasi ya karibu na dirisha ilikuwa tupu. Jua la asubuhi lilikuwa limelala juu ya dawati lake.

"Nani ameitika?" niliuliza.

Watoto wakifanya mchezo, lazima yupo mmoja ambaye kicheko kitamponyoka. Hapa hakucheka hata mmoja. Walinitazama wote kama wanaongoja niseme mimi.

Alhamisi nilijizuia. Nilipofika kwenye jina lile nililiruka, nikamwita anayefuata, mtoto aitwaye Lukas. Kabla Lukas hajafungua mdomo, kutoka upande wa dirisha, kwa upole kabisa, likaja neno: "Nipo." Ijumaa sikusikia kitu. Jumatatu nililiita tena kwa makusudi, nikiwa nimesimama na kuwatazama midomo yao mmoja mmoja. Likaja. Sikuona mdomo uliofunguka. Nilitia alama ya vema, kwa sababu sikujua alama nyingine ya kutia.

Mhariri wa gazeti mwaka ule alikuwa Sefu, wa darasa hilo hilo, kijana wa miaka kumi na mitano aliyejifunza taipureta kwa baba yake karani. Alipiga taipu haraka kuliko mimi, na alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha akanyamaza mpaka ujibu. Wiki iliyofuata aliniletea stensili ya ukurasa wa tatu ikiwa tayari. Kichwa chake kilikuwa "Aliyeitika." Aliandika hivi:

"Sisi Darasa la Sita tunasikia. Hatusemi ni jini, wala hatusemi si jini. Tunauliza mambo matatu. Nani alimwona Kondo akitoka langoni? Mtoro gani huacha sanduku lake na nguo zake? Na kisima cha zamani kule shambani, kwa nini kilifukiwa Jumapili, siku isiyo ya kazi?"

Nilisoma mara mbili. "Kisima kilifukiwa?"

"Nenda kakione, Mwalimu," alisema Sefu.

Nilikwenda baada ya chakula cha mchana, jua la utosi. Kisima kile kilikuwa kimepigwa marufuku tangu kabla sijafika, kingo zake zilikuwa mbovu. Sasa palikuwa na kifusi cha udongo mwekundu, kimesawazishwa vizuri kwa koleo. Mbuzi wa jirani walikuwa wakila majani pande zote, wakikizunguka, lakini juu ya kifusi hapakuwa na alama ya kwato hata moja. Nilisimama pale nikataka kuita jina. Sikuita. Sikuogopa kwamba hataitika.

Mkuu alisoma stensili akiiinua mbele ya dirisha. "Huu ni ushirikina," alisema, "na zaidi ya hayo ni kashfa. Kisima kilibomoka, msimamizi akaomba kukifukia, mimi mwenyewe nikatia saini. Futa."

"Bwana, kile cha sauti naweza kukiondoa. Lakini yale maswali matatu..."

"Futa yote, Elia. Wazazi wanasoma gazeti hili. Mzazi akisoma hayo, kesho nitakuwa na bweni tupu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayefunga mlango ili mvua isiingie. Nami, nikiwa na mke na mtoto mchanga, nilirudi chumba cha mashine. Stensili mpya hazikuwapo, karatasi za kila aina zilikuwa adimu miaka ile. Nikachukua kopo la dawa nyekundu nikapaka juu ya makala yote, mstari kwa mstari, polepole. Sefu sikumwita. Nilijua angeuliza kisha anyamaze.

Nilianza kuchapa alasiri, peke yangu, dirisha wazi. Nakala mia na ishirini. Za mwanzo zilitoka safi, ukurasa wa tatu ukiwa na pengo jeupe ambalo ningelijazia mchoro wa mnazi kwa muhuri. Nilizungusha mpini bila kutazama sana. Nilipofika kama themanini niliinua moja kuangalia wino, nikaona kwenye pengo alama ya kuuliza. Moja tu, ya rangi ya majivu. Nakala iliyofuata ilikuwa na mbili. Kisha neno "langoni." Kisha "sanduku." Maneno hayakuja kwa mpangilio, yalijitokeza hapa na pale, hafifu, kama maandishi ya mtu anayeandika upande wa pili wa karatasi. Kwenye nakala ya mia jina la Kondo lilikuwa limekamilika.

Nilisimamisha mashine. Nilisikia wavulana wakipiga mpira uwanjani. Ningeweza kuitoa ile stensili nikaichana, nikamwambia mkuu imeharibika. Nilitazama lile jina. Kisha nikashika mpini nikaendelea. Ishirini za mwisho zilitoka na kila neno la Sefu, zikisomeka tangu juu hadi chini.

Safi niliziweka juu ya fungu, nikampelekea mkuu mbili. Nyingine ziligawiwa kama kawaida, na wanafunzi wakaenda nazo likizo fupi.

Baadaye nilikwenda mjini kwenye duka la karatasi la Bwana Jiwa, Mhindi wa Kishia ambaye familia yake iliuza vifaa vya ofisi kwa vizazi viwili, nikamwonyesha kopo la dawa. Alilifungua, akanusa, akaipaka dawa ukuchani. "Mwalimu, hii nzima kabisa," alisema. "Hii ikishakauka, haitoki." Maalim Shabani, nilipomweleza habari ya dawa kubanduka, alifuta miwani yake muda mrefu. "Huenda," alisema. "Dawa hubanduka. Lakini mpini, Elia, huzungushwa na mtu."

Siku ya nne baada ya likizo alifika mwanamke mmoja langoni, kanga zake zimejaa vumbi. Alikuwa ametoka Mbweni alfajiri, sehemu kwa miguu, sehemu kwa lori la nazi. Mtoto wa jirani, aliyesoma kwetu, alimsomea gazeti. Niliitwa ofisini kutafsiri, ingawa mkuu alijua Kiswahili. Nadhani hakutaka kuwa naye peke yake.

"Mama, mwanao ametoroka," mkuu alimwambia. "Tumearifu polisi."

"Mwanangu akitoroka, Bwana, anatorokea kwangu," alijibu. "Hana kwingine."

Mama Kondo akaomba kusikia majina yakiitwa. Mkuu alikubali upesi, nafikiri aliona njia ya kuumaliza uvumi. Tukaenda darasani watatu. Mama alisimama mlangoni. Nilianza juu ya orodha, nikashuka.

"Kondo Salum."

"Nipo."

Mama hakutikisika. Alisema, "Huyo si mwanangu."

Sefu alisimama taratibu, machozi yanamtoka. "Ni mie, mama. Nilikuwa naitika mie. Nilisema jina likipita kimya, watalifuta, na watu watamsahau."

"Haya, mmesikia wote," mkuu alisema, na sauti yake ilikuwa imepumua. "Hadithi ya mizimu imekwisha."

"Sikuja kwa ajili ya sauti, Bwana," Mama Kondo alisema. "Nimekuja kwa ajili ya kisima."

Nimeishi na watu wengi wenye madaraka, na nitasema haki ya mkuu yule. Alivua koti lake, akaagiza makoleo, na aliyetangulia kuchimba ni yeye. Tulichimba kwa zamu, walimu na wavulana wakubwa. Mama aliketi chini, miguu ameinyoosha, mikono juu ya magoti. Msimamizi wa shamba alisimama kando akiigeuza kofia yake mkononi. Koleo lilipogonga mbao, alikaa chini ghafla, akasema, bila kuulizwa na mtu, "Aliitika mara mbili."

Ndipo tulipojua. Alimtuma Kondo kuchota maji ya miche kwenye kisima kile kilichokatazwa, kwa kuwa kile kizuri kilikuwa mbali. Ukingo ukaporomoka naye. Aliita, mtoto akaitika. Akaita tena, akaitika. Akakimbia kutafuta kamba. Aliporudi na kuita mara ya tatu, hapakuwa na jibu. Akaogopa kazi yake na akaogopa kamba ya serikali, ile ya kunyongea, akalaza mbao, akaenda kuomba saini.

Kondo alizikwa Mbweni. Msimamizi alipelekwa mahakamani na kufungwa. Mimi niliporudi darasani nilifungua daftari ili nipige mstari kwenye jina, na macho yangu yakaenda kwenye ile Jumatatu, siku niliyowatazama midomo. Mbele ya Kondo palikuwa na vema. Mbele ya Sefu, kwa mkono wangu mwenyewe, palikuwa na herufi G, mgonjwa. Alikuwa zahanati siku ile tangu Jumapili, na homa. Mganga wa zahanati aliniambia hakuinuka kitandani. Niliwauliza wote, mmoja mmoja, faraghani, nikawaahidi hakuna adhabu. Kila mmoja alisema alidhani ni Sefu.

Niliacha kuuliza. Mstari nilipiga.

Ingekuwa vizuri habari iishe hapo, na kwa miaka mingi nilipoisimulia niliimaliza hapo. Lakini wiki iliyofuata mkuu alituita ofisini, mimi na Sefu. Mezani palikuwa na nakala ya gazeti, moja ya zile za mwisho.

"Kilichokuwa kisimani ni kweli," alisema. "Lakini nilitoa amri, na amri yangu haikufuatwa. Shule haiwezi kuendeshwa hivyo. Nani aliyatoa maneno haya?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua.

"Mie, Bwana," Sefu alisema. "Niliingia chumba cha mashine nikaikwangua dawa kwa wembe."

Mkuu akanigeukia. "Ni kweli, Mwalimu?"

"Sikuwepo alipofanya hivyo," nilisema.

Kila neno la sentensi ile lilikuwa la kweli, na sentensi nzima ilikuwa uongo. Sefu alifukuzwa siku hiyo hiyo. Alitoka langoni na godoro lake kichwani, na safari hii watu wote tulimwona anayetoka. Mkuu alihamishiwa bara mwaka uliofuata. Mimi nilibaki na gazeti, na nikapata sifa. Wakaguzi walikuwa wakisema kwamba katika shule zote za pwani hakuna gazeti la wanafunzi lililo safi kama letu.

Mwezi huu, baada ya wale vijana kunitembelea, nilimtafuta Sefu. Nilimpata Manzese, kando ya barabara ya Morogoro, ana karakana ndogo ya baiskeli na cherehani. Ndevu zake zina mvi nyingi kuliko zangu. Alinisalimu shikamoo kabla sijafika kizingitini, akafuta stuli kwa shati lake nikae.

Nilimwambia niliyokwenda kumwambia, kwamba mpini niliuzungusha mimi, kisha nikamwacha abebe kosa langu. Alisikiliza huku anakaza spoki za gurudumu.

"Mwalimu, mie nilikuwa dirishani," alisema. "Siku ile unachapa. Nilikuona ukisimama, ukatazama karatasi, ukaendelea. Ndiyo maana nikasema ni mie. Nilijua mie wangenifukuza tu, leo au kesho, kwa mdomo huu. Wewe ukiondoka, gazeti angepewa nani? Nikasema, abaki yule aliyezungusha."

Kulikuwa na wateja wawili wakingoja, akawaomba warudi kesho. Kisha nikamwambia lililobaki. Kwamba tangu siku aliyotoka, mkuu baada ya mkuu, sikungoja tena kuagizwa. Nilifuta kabla hawajaona. Nilifuta yaliyokatazwa, na yanayofanana na yaliyokatazwa, na yale ambayo nilihisi siku moja yangeweza kukatazwa. Aliyebaki pale alikuwa mtu mwingine, si yule ambaye Sefu alimwona kupitia dirisha.

Sefu aliliweka gurudumu chini. Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka.

"Unayakumbuka?" aliuliza, kisha akanyamaza, kama zamani.

Nikaanza. Lilikuwapo shairi la kijana wa Kilwa kuhusu shemeji yake kukatazwa kusoma. Ilikuwapo barua ya mtoto aliyeuliza kwa nini ramani ya darasani haina kijiji chao. Ilikuwapo habari ya mpishi aliyepigwa, na kichekesho kimoja kuhusu viatu vya mkaguzi, ambacho Sefu alikicheka mpaka akajishika ubavu. Adhuhuri ikapita, mkewe akatuletea chai na mihogo, alasiri ikaingia. Kila nilipomaliza moja, aliniuliza jina la aliyeiandika, na nilipokuwa nimelisahau hakunisaidia wala hakuniharakisha. Aliketi mikono ina grisi, akaningoja mpaka nilikumbuke.